Ndiyo Nini?

Nilitaka kuwa wakili ili nipate kuketi. Wengine watakuambia walitaka kutetea wanyonge, na pengine ni kweli, sibishani nao. Mimi nilikuwa mkalimani wa korti huko Homa Bay, miaka michache baada ya uhuru, na kwa miaka sita nilikuwa nimesimama. Hakimu anaketi. Karani wa faili anaketi. Mwendesha mashtaka husimama akiuliza, akimaliza anaketi. Hata mshtakiwa ana ubao wa kizimba wa kuegemea. Mkalimani husimama tangu asubuhi hadi saa kumi jioni, mikono nyuma, akigeuza Kijaluo kuwa Kiingereza na Kiingereza kuwa Kijaluo, na akija Mkuria au mwenye duka wa Kihindi anatia Kiswahili katikati. Nikifika nyumbani miguu imevimba na ulimi hautaki hata kuomba maji.

Kulikuwa na jambo lililonichosha kuliko miguu. Kutwa nzima sikusema neno langu mwenyewe. Sheria ya kazi ni kwamba mtu akisema "nilimpiga," nawe unasema "nilimpiga." Huruhusiwi kusema "anasema alimpiga." Kwa hiyo nimekiri wizi wa ng'ombe, nimekana watoto, nimeomba talaka, nimeapa kwa Biblia na kwa kaburi la baba ambaye si wangu, yote kwa sauti yangu hii hii, na hakuna hata moja lililonihusu. Jioni mke wangu akiniuliza habari za kazi namjibu "nzuri," basi, ninanyamaza.

Hakimu wetu alikuwa Mwingereza wa makamo, mmoja wa wale waliobakizwa mpaka wapatikane wenyeji wa kushika viti vyao. Pua yake ilikuwa ikibambuka ngozi kwa jua mwaka mzima. Hakuwa mtu mbaya, na kwangu alikuwa mwema. Ila alikuwa na zoea moja la kuuliza maswali kwa kukanusha. Badala ya kusema, "Ulikuwa sokoni?" yeye angesema, "Hukuwa sokoni?" Nadhani kwao hiyo ni adabu, kama kumfungulia mtu mlango ili akitaka kukataa akatae bila haya. Mimi niliyageuza maswali yake kama yalivyokuja na sikuyafikiria zaidi.

Ni yeye aliyeniambia habari za mtihani. Chuo cha sheria kilikuwa kinatafuta watu wazima waliokwisha kufanya kazi za korti, hata kama vyeti vyao vya shule ni vya kuombea radhi, na changu kilikuwa hivyo. Yalitakiwa mambo mawili: ufaulu mtihani wa kuingilia, na mkubwa wako wa kazi aandike barua ya kuthibitisha kwamba kazi yako ni ya kuaminika. Barua alisema ataiandika kwa furaha. Mtihani, akasema, ni shauri langu.

Basi nikaanza kujitayarisha, na uchovu nao ukapata mwenzake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama mpaka mgongo ukaniuma. Saa ya chakula cha mchana, wenzangu wakienda kula samaki karibu na gati, mimi nilijifungia katika stoo ya vielelezo. Humo kulikuwa na mapanga yenye karatasi za namba, nyavu zilizoibwa, makasia, ngozi ya ndama, na madebe ya pombe ya chang'aa yaliyokuwa yakisubiri kesi zao na kunuka vibaya sana. Nilikalia debe moja nikasoma juu ya jingine. Hakimu alikuwa amenipatia karatasi za mitihani ya nyuma kutoka kwa rafiki yake wa Nairobi. Zilikuwa vifungu vifupi vya habari, na chini ya kila kifungu maswali ya kujibu kwa Kiingereza, Yes au No. Nilipoziona nilicheka. Nikasema, mtoto wa darasa la tano atafaulu mtihani huu.

Stoo ilikuwa na dirisha moja, na nje ya dirisha ni majani ya uwanja wa korti. Wafungwa waliletwa kuyafyeka, wakiwa na kaptura nyeupe, askari jela akiwa kivulini amekunja nne. Mmoja wao alikuwa akinisalimu kila siku. Nilimfahamu, maana alipitia mdomoni mwangu: mtu mrefu wa Macalder, wa kuchekecha dhahabu kwa karai katika mchanga ulioachwa na mgodi. Alifungwa miezi tisa kwa kuiba baiskeli Migori. Alikuwa akisimama, anaegemea fyekeo, anachungulia.

"Karani, unasoma tu?" aliniuliza siku moja. Nikamwambia nasoma. Akasema vizuri, mtu asome, kisha akaendelea na majani yake. Hakuwa na kinyongo chochote nami. Nilimwona kama mtu aliyekubali kosa lake na anamaliza kifungo chake kwa amani, na kusema kweli nilimwonea wivu kidogo, kwa vile alilala saa kumi na mbili jioni.

Alfajiri ilikuwa zamu ya mke wangu. Yeye ni Mkuria, mtu wa kule karibu na mpaka, nami ni Mjaluo wa Uriri, kwa hiyo nyumbani kwetu Kiswahili ndicho kilichotuoza na ndicho kilichotulisha. Majirani walimwita nyar Kuria, binti wa Wakuria, na yeye aliitika kwa Kijaluo cha kuvunjika ambacho kiliwafurahisha. Alikuwa amesoma shule ya misheni ya Wasabato mpaka darasa la tatu. Kiswahili alikisoma vizuri. Kiingereza alikisoma vilevile kama Kiswahili, kila herufi na haki yake. Akiwa anachagua maharagwe ya kupeleka soko la Kosele, karatasi imeegemezwa kwenye sufuria, alinisomea maswali. Kabla sijajibu ilinibidi kwanza nitambue alichosoma ni neno gani, na hapo palikuwa na mtihani ndani ya mtihani.

Alinitania sana. Alisema nimechoka hivi kwa kusema ugomvi wa watu, na sasa nasoma ili nikagombane rasmi. Alisema mwanamume wa kwao akitaka kuketi anatafuta kigoda. Lakini kila alfajiri alikuwa ameshaamka kabla yangu, taa imewashwa, chai ipo, maswali yako tayari. Ni Jumamosi tu ambapo hakunisomea, kwa kuwa ni Sabato, na siku hiyo nililala mpaka jua likaingia miguuni.

Wiki sita kabla ya mtihani nilimpelekea hakimu karatasi tatu nilizozijibu ili azisahihishe. Alizirudisha kesho yake. Nilikuwa nimekosa maswali kumi na mawili, yote yakiwa na msalaba mwekundu, karatasi imekuwa kama makaburi ya misheni. Yeye mwenyewe alishangaa. Vifungu vigumu nilikuwa nimevipata, nikakosa vya kitoto.

Alinionyesha kimoja. Kifungu kilisema kwamba mkulima fulani mwaka ule hakupanda mahindi. Swali likauliza: Je, mkulima hakupanda mahindi? Nami nikaandika Yes. Nikamwambia hakimu, ni kweli, hakupanda, imeandikwa hapa. Akasema, ndiyo maana jibu ni No.

Tulizungushana hapo mpaka kengele ya korti ikataka kulia. Wewe unayesoma haya unajua tunavyosema. Mtu akikuuliza, "Hujala?" na kweli tumbo li tupu, utamjibu, "Ndiyo, sijala." Umemkubalia maneno yake. Kijaluo ni vilevile, unamwambia "Ee." Mwingereza hafanyi hivyo. Kwake, kama hujala, ni No, uulizwe vyovyote utakavyoulizwa. Hakimu alinieleza kwa subira, akachora mpaka picha ya shamba. Nilielewa hatimaye kwamba sisi tunamjibu mtu, wao wanalijibu jambo. Akanipiga bega kidogo, akasema nikilirekebisha hilo moja tu nimeshaingia chuoni.

Nilitoka pale nimefurahi. Nilikuwa nimevuka ua, nimefika mlango wa stoo, mkono uko kwenye kitasa, ndipo lilipoanza kuniingia.

Miezi minne nyuma tulikuwa tumekwenda Migori. Korti ilikuwa ikienda huko kila baada ya wiki mbili kwa Landrova, hakimu mbele, mimi nyuma na mafaili, na tulikuwa tukikaa katika ukumbi wa baraza wenye mabati yaliyowaka. Siku hiyo orodha ilikuwa ndefu. Ilipofika saa nane nilikuwa nimesema maneno ya watu thelathini na sijala. Akaletwa yule mtu wa Macalder. Shtaka likasomwa, la baiskeli nyeusi iliyochukuliwa mbele ya duka. Hakimu, bila kuinua kichwa, akauliza kwa ile adabu yake, "Hukubali shtaka hili?" Nikalipeleka kwa Kijaluo kama lilivyo.

"Ee," akasema yule mtu, sawasawa, kwa sauti ya kusikika.

"Yes," nikasema mimi.

Na kalamu ikaandika kwamba amekubali. Alikuwa amekataa. Alikuwa amesema, ndiyo, umesema kweli bwana, sikubali. Kwa kuwa amekubali hakuna shahidi aliyeitwa. Hakimu akamuuliza kama ana la kusema kabla ya hukumu. Yule mtu akanitazama mimi, si hakimu, akasema, "Nimeshasema." Nikageuza kwamba hana la kuongeza. Miezi tisa. Akashuka kizimbani polepole, akiwa kama anayesubiri mtu amweleze, nami nikaita jina linalofuata.

Sikuingia stoo siku ile. Nilikwenda nikakaa nyuma ya tangi la maji. Nilijaribu kuwahesabu wengine, miaka sita ya Ee na ya Ndiyo, nikaacha, maana kichwa hakikuweza. Mara nyingi maswali yalikuwa mengi na kosa lingejirekebisha lenyewe kabla ya mwisho. Lakini swali la kukubali au kukataa huulizwa mara moja. Nilijiambia huenda ni huyu mmoja. Na huyu mmoja alikuwa upande wa pili wa ukuta, nilimsikia akifyeka.

Nilimweleza mke wangu jioni. Alikuwa anasonga ugali, akasonga mpaka mwisho. Kisha akauliza kama yule mtu anajua. Nikasema hajui, anadhani hakimu ndiye hakumsadiki. Akauliza kama hakimu anajua. Nikasema hajui. Akasema basi tunaojua ni wawili, na mmoja wetu ni yeye, na yeye si wa kutunza uchafu wa mtu ndani ya kifua. "Kesho umwambie hakimu," akasema, akageuza ugali kwenye sahani.

Sikumwambia kesho, wala keshokutwa. Nilikuwa na sababu, na nitazitaja ili mnicheke. Ya kwanza, barua yangu ilikuwa haijaandikwa, na barua hiyo ilitakiwa kusema kwamba ulimi wangu ni wa kuaminika. Ya pili, niliambiwa na mtu mmoja wa jela kwamba mfungwa mwenye tabia njema hupunguziwa siku, kwa hiyo huyu angetoka hivi karibuni tu. Ya tatu, nilikuwa nimechoka. Hii ya tatu ndiyo iliyokuwa ya kweli. Mtu aliyechoka huweza kuacha jambo baya liendelee kwa sababu tu kulisimamisha kunahitaji kuinuka.

Nilihamisha debe langu mbali na dirisha. Yule mtu alinisalimu bado, alikuja mpaka dirishani akanitafuta kwa macho gizani, akasema, "Karani, upo?" Nikasema nipo. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini hawakusema aliyejikwaa kwa ulimi wa kuazima afanye nini. Na huku majibu yangu yalikuwa yamenyooka. Alfajiri mke wangu alisoma maswali, nami nilijibu No, No, Yes, No bila kukosa hata moja. Aliponisomea swali la mwisho la karatasi ya mwisho, na nikapata, aliiweka karatasi chini akasema hatasoma tena.

"Umeshajua Kiingereza chao," akasema. "Sasa unajua kabisa ulichomfanyia mtu, na umenyamaza. Hilo nalo ni jibu."

Nikaenda. Ilikuwa Alhamisi, korti imekwisha, hakimu yuko katika ofisi yake ya nyuma akivua koti. Nilianza mbali. Nilisema, tuseme mkalimani fulani, siku fulani. Alinisikiliza kidogo, akaniuliza faili namba ngapi. Akaitoa, akaisoma, ni ukurasa mmoja tu. Kisha akaniambia niketi.

Kwa miaka sita sikuwahi kuketi mbele yake. Kiti kilikuwa cha ngozi, cha wageni, na kilinipokea vizuri hata nikaona haya. Akanieleza kwa sauti ndogo. Anaweza kuipeleka faili mahakama kuu ili hukumu iangaliwe upya, nayo huenda itafutwa. Ila itabidi aeleze kosa lilikuwa la nani. Na akishaandika hivyo hawezi kuandika tena barua ya kunisifu kwa ukalimani, hawezi kutia sahihi karatasi mbili zinazobishana. Kwa upande mwingine, akasema, mtu huyu amebakiza miezi michache. Hakuna aliyelalamika. Mtihani ni wiki mbili kutoka leo. Aliyasema yote hayo bila kuyapima, akiyaweka mezani tu, na niliona kwamba naye angependa kwenda nyumbani. Kisha akaniuliza, kwa ile adabu yake.

"Basi, hutaki niipeleke?"

Na mimi, niliyekesha mwezi mzima nikijifunza swali la namna hiyo hiyo, niliyejibu yote bila kosa alfajiri ile, nilikuwa nimeketi, nimechoka, na hili halikuwa swali la mtu mwingine. Lilikuwa langu. Nikalijibu kwa moyo niliozaliwa nao.

"Yes," nikasema.

Ndiyo, sitaki. Hivyo ndivyo nilivyosema. Usiipeleke, Bwana Hakimu, acha amalize miezi yake, niandikie barua yangu niondoke hapa. Nilikuwa nimekwisha kuhisi aibu ya kulisema na utulivu wa kulimaliza.

Hakimu akainuka, akazunguka meza, akanishika mkono kwa mikono miwili, macho yake yamelowa. Alisema amekaa nchi hii miaka mingi na hakuwahi kuona jambo kama hili. Hapo ndipo niliposikia nilichosema. Yeye amenisikia kwa Kiingereza chake: Yes, nataka. Ipeleke.

Nafasi ya kumrekebisha nilikuwa nayo. Nafasi ilikuwepo kubwa tu, alinishika mkono muda mrefu. Ningesema, samahani, nimeteleza, nilikusudia No. Lakini jaribu wewe. Jaribu kumwambia mtu anayekulilia machozi kwamba amekusifu kwa bahati mbaya. Sikuweza. Nilisema asante, nikatoka, nikashika njia ya nyumbani.

Mke wangu nilimweleza ukweli wote, neno kwa neno, kama kortini. Alicheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya jiko. Nikakasirika, nikamwambia chuo ndiyo kimekwenda hivyo, hakuna cha kuchekesha. Akajifuta macho na leso.

"Kumbe Mungu naye anajua Kiingereza," akasema.

Barua kutoka chuoni ilikuja kabla ya siku ya mtihani, mistari miwili. Maombi yangu yamepungukiwa na barua ya mkubwa wa kazi, kwa hiyo sitaitwa, ninaweza kujaribu mwaka mwingine. Siku ya mtihani nilikuwa Migori, nimesimama. Mwaka mwingine hakimu alikuwa amekwisha kurudi kwao, na chuo kilikuwa kinataka vyeti ambavyo sikuwa navyo. Lililoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa tayari. Ule mtihani ningeupasua.

Na sifa, jamani. Makarani walikuwa wakiinuka nikiingia. Padri alinitaja katika mahubiri bila kunitaja jina, na kanisa zima likageuka kunitazama. Mwendesha mashtaka, mtu asiyesifu hata mvua, aliniambia kwamba mimi ni mtu. Nilikuwa nikiitikia kwa kichwa. Sifa isiyo yako inachosha kuliko tusi, kwa sababu tusi unaweza kulirudisha.

Amri ya mahakama kuu ilikuja baada ya wiki chache. Hukumu imefutwa, aachiliwe. Na Jumapili iliyofuata yule mtu wa Macalder akaja nyumbani, miguu ina vumbi, kuku wa madoadoa kwapani. Alikuwa ameshakwenda kwao akarudi, safari yote hiyo, kuleta shukrani. Mke wangu alimkaribisha, akamfunga kuku mguu kwenye mguu wa meza, akaenda jikoni kuchemsha chai. Jikoni ni hapo mlangoni tu, kila neno linasikika.

Alinieleza habari ya baiskeli, ambayo hakuna aliyekuwa amemuuliza. Shemeji yake alimwazima baiskeli nyeusi. Mbele ya duka zilikuwa mbili, nyeusi zote. Akapanda isiyo yake, na hakuwa amefika mbali alipokamatwa. Ile ya shemeji ilibaki imeegemea ukuta ule ule siku tatu, watu wakiitazama. Alisimulia bila uchungu, akipuliza chai. Kisha akasema ameambiwa mimi ndiye niliyekwenda kwa mzungu nikajishtaki mwenyewe, na kwamba nimekosa chuo kwa ajili yake.

"Karani," akasema, "hukuogopa?"

"Ndiyo," nikasema.

Akatikisa kichwa kwa heshima. Alikuwa amesikia kwa lugha yetu: ndiyo, sikuogopa. Nami nilijua atasikia hivyo. Nilikuwa nimelichagua neno lile kama mtu anavyochagua mlango wa nyuma.

"Ndiyo nini?" mke wangu akauliza kutoka jikoni.

Kuku akapiga mbawa chini ya meza. Mgeni akanitazama, akangoja. Nikamwambia. Nikamwambia niliogopa, nikamwambia nililijua kosa mwezi mzima nikakaa nalo nikimsikia akifyeka, nikamwambia kuhusu swali la hakimu na ile Yes, ilivyotoka na ilivyopokewa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kusema maneno yangu mwenyewe mbele ya mtu, na nilipomaliza nilikuwa nimesimama, sijui niliinuka saa ngapi. Nikamuuliza kama ana la kusema.

Alimaliza chai yake yote. Akakiweka kikombe mezani polepole.

"Nilishasema siku ile, karani," akasema. "Ni wewe tu hukusikia."

Akaaga vizuri, akamshukuru mke wangu kwa chai, akashika njia ya kwao. Kuku alimwacha. Nilimwita achukue kuku wake, akapunga mkono bila kugeuka.

Nilifanya ukalimani miaka ishirini na miwili zaidi, nimesimama. Mtu akinijibu "Ee" kizimbani sikuligeuza neno hilo kabla sijamuuliza, "Ndiyo nini?" Mahakimu wapya walikasirika, walisema nachelewesha korti. Watu wa Homa Bay walinitania, walinisalimu hivyo njiani, "Ndiyo nini, karani?" nami niliitikia. Yule kuku hatukumchinja. Mke wangu alikataa, na kuku akataga mayai mpaka akazeeka.